Makaburi ya Akeri na Boma la Arusha

Sisi wa Ngaramtoni twaamka kila siku tukiutazama Mlima Meru, wenye urefu wa meta 4,566, na wageni watoka mbali kuja kuupanda. Lakini pande za mlima huu pana mahali pawili panapotupasa tupajue sisi wenyewe.

Pa kwanza ni Akeri, upande wa mashariki, katika nchi ya Wameru. Hapo, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa usiku pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Wao walileta neno la amani. Lakini askari wa Wadachi walikuwa karibu, na wenyeji waliihofia nchi yao.

Pa pili ni boma la mjini Arusha. Baada ya mauaji yale Wadachi waliwapiga wenyeji, wakateka ng'ombe, wakachoma nyumba; kisha, yapata mwaka 1900, Waarusha na Wameru wakashurutishwa kulijenga boma hilo. Leo ni nyumba ya makumbusho.

Hata hivyo Injili haikuzimika. Mwaka 1902 kazi ilianza Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru.

Basi, enyi walimu, mkiwapeleka watoto makaburini, wapelekeni na bomani. Maana asimuliaye damu ya wale na kunyamazia machozi ya hawa, amesimulia nusu tu; na Kanisa letu lilizaliwa katika yote mawili.