Kisangani: maneno yaliyotoka gerezani

Mwaka ukiisha kila mpenzi wa muziki hutaja tamasha na albamu alizozipenda. Hapa Kisangani kuna kazi moja isiyofaa kusahaulika mwaka wowote.

Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu. Mwaka 2006 Faustin Linyekula, mcheza dansi mzaliwa wa Ubundu, alihamishia hapa Studios Kabako kutoka Kinshasa. Mwaka 2009 akatoa « more more more… future », tamasha la dansi na ndombolo. Gita lilikuwa la Flamme Kapaya, aliyejulikana katika bendi ya Werrason. Maneno yaliandikwa na Antoine Vumilia Muhindo, mfungwa wa Makala, Kinshasa. Yeye alikuwa bado ndani, maneno yake yakiimbwa Ulaya. Alitoroka mwaka 2011, akapata hifadhi Sweden.

Ninyi mliokimbia mapigano ya Lubunga mwaka 2023, mashamba na nyumba vilibaki nyuma. Nyimbo za kwenu mlikuja nazo. Waimbieni watoto, mzirekodi hata kwa simu, zisipotelee kambini.