Ujira wa Haki: Historia Fupi ya Kibarua wa Shamba katika Nchi Yetu

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, ndugu wanachama watasoma habari nyingi za mazao, za maghala na za bei. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeona yafaa ziandikwe pia habari za mtu ambaye jina lake halimo katika daftari la wanachama, lakini jasho lake limo katika kila gunia lipitalo mizani yetu. Mtu huyo ni kibarua.

Ushirika katika nchi hii ulizaliwa kwa ajili ya haki ya malipo. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walipounda Chama Kikuu chao mwaka 1933, na wakulima wa pamba wa Usukuma walipounganisha vyama vyao kuwa Victoria Federation mwaka 1955, hawakuomba sadaka. Walitaka mizani ya kweli, na bei iliyolingana na kazi yao. Nasi twapenda kuonyesha kwamba kibarua naye alidai jambo lilo hilo, na kwamba historia yake na yetu zimefungamana.

Wakati wa utawala wa Wadachi, kodi ya nyumba iliyoanza mwaka 1898 iliwalazimisha watu wengi kutafuta fedha au kutoa nguvu zao badala yake. Katika Usambara, tangu mwaka 1907, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa mlowezi siku 30 katika kila miezi minne. Huko kusini, watu walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja, na ujira wake ulikuwa mdogo mno hata wengine walikataa kuupokea. Ghadhabu hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Yafaa tukumbuke kwamba watu wale walikuwa wakulima na vibarua kwa pamoja. Jembe walilolishika lilikuwa moja.

Walipokuja Waingereza, utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1922, lakini sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyevunja mkataba kuwa mkosaji wa jinai. Katika mashamba ya mkonge ukatawala mfumo wa kipande. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na malipo yalikuja zikitimia siku zote. Kazi ya siku ilipimwa kwa mafungu ya majani 30. Asiyetimiza mafungu yaliyotakiwa, siku yake haikuandikwa. Kutoka Kigoma, Songea na sehemu nyingine za mbali waliletwa watu wa mkataba walioitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuwakusanya, ambalo watu waliliita SILABU. Kibarua mmoja mmoja hakuwa na uwezo wa kubishana juu ya bei ya nguvu zake, kama vile mkulima mmoja mmoja asivyoweza kubishana na mnunuzi mwenye mizani yake mwenyewe.

Ndipo wafanyakazi nao walipoona faida ya umoja. Makuli wa bandari za Dar es Salaam na Tanga waligoma mwaka 1939. Mwezi wa Septemba mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma tena, na mgomo huo ukaenea kuifuata Reli ya Kati. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana kuwa Tanganyika Federation of Labour, na Bwana Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Mwaka 1957 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kwa mji wa Dar es Salaam.

Baada ya Uhuru, Serikali ilipokea ushauri wa Bodi iliyoongozwa na Bwana Donald Chesworth, na mwaka 1962 ikatoa amri ya mishahara kwa nchi nzima. Tangu mwanzo wa mwaka 1963 kima cha chini katika Dar es Salaam kilikuwa 150/= kwa mwezi. Mfumo wa kipande nao ukafikia mwisho wake katika miaka hiyo.

Lakini haki iliyoandikwa haikuondoa shida zote. Wenye mashamba ya mkonge walipunguza watu na kuongeza kazi ya kila aliyebaki. Na tangu mwaka 1964 bei ya mkonge katika soko la dunia ilipoanguka, maelfu walirudi kwao. Katika mwaka 1967 Profesa H. A. Turner, aliyetumwa na Shirika la Kazi la Kimataifa, aliieleza Serikali kwamba mishahara ilikuwa imepanda upesi kuliko mapato ya wakulima. Azimio la Arusha la mwaka huo lilikuwa limekwisha kuonya kwamba watu wa mijini waweza kugeuka wanyonyaji wa wakulima. Serikali ikaweka mpaka: nyongeza ya mishahara isizidi asilimia 5 kwa mwaka.

Hapa pana fundisho kubwa kwetu. Ujira na bei ya mazao ni ndugu wa tumbo moja. Bei ikiwa duni, mkulima hana cha kumlipa kibarua. Mkono mtupu haulambwi. Lakini pia bei ikiwa duni, si haki ujira wa kibarua uwe ndio wa kwanza kukatwa, maana yeye hana ghala, hana hisa, wala hana malipo ya pili ya kungojea.

Sheria ya leo iko wazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na yakataza ubaguzi kati ya mwanamke na mwanamume. Amri ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka 100,000/= kwa mwezi kuwa kima cha chini katika kilimo; amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 ikakifanya 140,000/=. Kwa kuwa amri hizi hubadilishwa, karani wa kila chama cha msingi hana budi kuuliza katika ofisi ya kazi kabla ya kila msimu, na kukibandika kima hicho ukutani karibu na bei ya mazao, ili mwenye shamba na kibarua wakisome pamoja.

Tena twashauri mambo matatu. Kwanza, mapatano ya kazi yafanywe kabla ya jembe kuingia shambani: kipimo cha kazi, ujira, na siku ya kulipa, vyote viandikwe. Pili, Halmashauri ifikirie kutenga sehemu ya malipo ya awali kwa ajili ya ujira wa uvunaji, ili kibarua asingojeshwe mpaka zao liuzwe. Tatu, Chama Kikuu kinapojadiliana juu ya bei, gharama ya ujira wa haki ihesabiwe pamoja na mbolea na magunia, wala isifichwe kana kwamba nguvu za mtu ni bure.

Ndugu wanachama, baba zetu waliikataa mizani ya uongo. Tukiwa tumekwisha kushika mizani wenyewe, tupime kwa haki kazi ya wengine kama tutakavyo kazi yetu ipimwe. Miaka kumi ijayo na itukute tukifanya hivyo.