Nyumba ikiuzwa na mpangaji yuko ndani

Kwenye kuta za parseli nyingi za Uvira, Bukavu na Goma kumeandikwa kwa rangi, herufi kubwa: PARSELI HII HAIUZWI. Mgeni anaweza kufikiri ni mzaha. Sisi wa huku tunajua maana yake: kuna mtoto, mjomba ao komisionere aliyekwisha kujaribu kuiuza bila mwenyewe kujua. Lakini hatujaona bado ukuta unaosema neno juu ya yule anayekaa ndani na kulipa kila mwisho wa mwezi. Yeye mara nyingi anasikia habari siku ile mnunuzi anapoingia kwenye kiwanja na kuanza kukipima kwa miguu.

Wanamemba wetu wengi ndio hao wanaolipa. Tangu Oktoba 2005, meli zilipoanza kurudisha watu kutoka Kigoma mpaka Baraka, wengi walikuta parseli zao zina watu wengine, ao zimekwisha kuuzwa, ao ni shamba la muhogo. Wakatafuta nyumba ya kulipa kwa muda, na ule muda ukageuka miaka. Kisha maji ya Aprili 2020 yakabomoa nyumba nyingi za Uvira, na waliokuwa na kwao wakaingia nao katika kutafuta chumba. Ndiyo sababu katika mikutano yetu ulizo hili halikosi: mwenye nyumba akiuza, mimi ninafanya nini? Jibu lake lina historia ndefu kuliko tunavyodhani, na historia hiyo ndiyo inaonyesha kwa nini wengine wanabaki ndani na wengine wanatolewa na magodoro yao.

Zamani sana, katika sheria ya Waroma, mnunuzi alikuwa na nguvu zote. Mpangaji alipatana na yule aliyempangisha, si na nyumba. Nyumba ikipata mwenye mpya, huyo mpya hakuahidi kitu, basi angeweza kumtoa. Kilichobaki kwa mpangaji ni kumshitaki mwenye nyumba wa kwanza amlipe hasara. Wafaransa walitembea na wazo hilo miaka mingi, mpaka kitabu cha sheria cha Napoleon cha mwaka 1804 kikaligeuza. Ubelgiji wakati huo ilikuwa chini ya Ufaransa, na ilipopata uhuru wake mwaka 1830 iliendelea na kitabu kile kile. Kutoka Ubelgiji kanuni hiyo ikafika kwetu kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, wakati nchi hii ilikuwa mali ya mfalme Leopold II. Dekreti ile ingali katika Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za kiraia.

Kwa maneno ya kawaida inasema hivi: mwenye nyumba akiuza, mnunuzi hawezi kumfukuza mpangaji mwenye mkataba uliofanywa mbele ya mkubwa wa serikali mwenye ruhusa, kama notere, ao mkataba wenye tarehe ya hakika, isipokuwa kama mkataba wenyewe ulisema kwamba nyumba ikiuzwa mpangaji atatoka.

Tusimame kidogo kwenye hiyo “tarehe ya hakika”, maana hapo ndipo watu wetu wanaangukia. Sheria haiamini tarehe ambayo watu wawili wameandika peke yao mezani. Na ina sababu. Mwenye nyumba anaweza kuuza leo, kisha kesho akaandika na shemeji yake mkataba wa miaka mitano, akaweka tarehe ya mwaka jana, ili mnunuzi akute nyumba imefungwa. Kwa hiyo tarehe inaaminiwa pale ambapo mtu wa serikali mwenye ruhusa ameliona karatasi na kulitia mhuri. Hata kifo kinahesabiwa: mmoja wa waliotia sahihi akifa, karatasi ni ya kabla ya siku hiyo, sababu marehemu hawezi kurudi kusahihi. Hii inachekesha kidogo, lakini ina akili.

Sasa, mwaka 1888 hiyo kanuni ilikuwa ya nani? Si ya babu zetu. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold ulikuwa umekwisha kutangaza kwamba ardhi yoyote isiyokuwa na mtu ni ya serikali, na ni wao waliochagua nini maana ya “isiyokuwa na mtu”. Notere, sertifika, mkataba: hayo yalikuwa mambo ya wazungu, makampuni na misioni. Mukongomani wa mjini alikaa katika site kwa ruhusa tu. Ilipaswa kungojea dekreti ya tarehe 10 Februari 1953 ili Mukongomani afunguliwe mlango wa kuwa na parseli yake mwenyewe kwa sheria ile ya maandishi. Hesabu: miaka 65 kanuni ya kumlinda mpangaji iko kitabuni, na wengi katika wenye nchi hawawezi hata kuwa wenye nyumba kwa kitabu hicho. Katika muda huo watu walipanga, waliuza na kununua vilevile, lakini kwa mdomo, mbele ya wazee, na chupa ya kinywaji katikati. Mazoea hayo hayakuisha na uhuru. Tunayo mpaka leo, na tusiwacheke wanaoyafuata. Kwa muda mrefu hawakuwa na mlango mwingine.

Kisha ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Hiyo ilisema udongo wote ni wa serikali; mtu anapewa haki ya kuutumia, na haki yake juu ya nyumba inahakikishwa kwa sertifika ya konservatere wa hati za ardhi. Wanunuzi wengi wanaosimama mlangoni kwa makelele hawana hiyo sertifika. Wana karatasi ya kuuziana tu. Mpangaji ana haki ya kuuliza kwa heshima: “Baba, karatasi ya konservatere iko wapi, na mwenye nyumba wa zamani ameandika kwamba nianze kukulipa wewe?” Akikosa kuuliza, anaweza kulipa mwezi mmoja mara mbili. Tumeona hayo.

Sheria iliyo karibu zaidi na sisi ni nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, juu ya nyumba za kupanga zisizo za kazi ya biashara kubwa. Kwa nyumba ya kukaa, garanti haiwezi kupita miezi 3 ya malipo, na preavi ya kumtoa mpangaji ni miezi 3. Ugomvi unaanzia kwenye servisi ya Habitat kwa kupatanishwa. Wasipopatana, ndipo tribinali ya amani. Mkubwa wa avenue ao polisi rafiki wa mnunuzi hana ruhusa ya kukata hiyo kesi. Ila hadi leo wako wenye nyumba wanaoomba garanti ya miezi 6, na wapangaji wanatoa, sababu nyuma yao kuna watu wengine wanne wanaongojea chumba kile kile.

Mama mmoja mwanamemba wetu alitoa hiyo miezi 6. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Mwaka wa pili nyumba ikauzwa, na mnunuzi akampa juma moja. Alimwambia: “Mimi sijui mambo yenu ya garanti. Nimeisha kununua.” Tulienda naye kwenye Habitat. Mkataba wa notere hakuwa nao, lakini alikuwa na daftari la shule la mtoto wake ambamo mwenye nyumba wa zamani alikuwa akitia sahihi kila mwezi. Daftari hilo halikutosha kumfanya abaki mpaka apende. Lilitosha kuonyesha kwamba si mvamizi. Alipata miezi 3 na nusu ya garanti. Ile nusu nyingine muuzaji alikuwa amekwisha kuila na kuhama mji.

Jirani yake alikuwa na mkataba mzuri wenye mhuri, na akatoka mbele yake. Ndani, katika mstari wa mwisho, kulikuwa na neno kwamba nyumba ikiuzwa atatoka. Alitia sahihi bila kusoma, kwa sababu siku ile alikuwa na mizigo barabarani.

Kuna upande wa pili ambao hatupendi kuuongea. Wengine wetu ndio wenye nyumba. Tunarudi kutoka Nyarugusu na kukuta ndugu aliyebaki amepangisha nyumba yetu, ao ameiuza. Mkataba uliotolewa na asiye mwenye mali haumfungi mwenye mali. Hivyo ndivyo sheria inavyosema, na memba mwenye sertifika ana haki yake. Lakini yule mpangaji naye alilipa, na mara nyingi ni mtu aliyekimbia kama sisi, kutoka milima ya juu ao Fizi. Sisi katika kamati tunawaomba wanamemba wampe miezi 3 hata pale ambapo sheria haiwalazimishi. Wawili wamekataa na kutukasirikia. Tunaendelea kuomba.

Kwa sasa, sehemu ya pesa inayotumwa na marafiki zetu inalipa mihuri ya mikataba kwa wajane na wazee. Memba yeyote anayepanga alete mkataba wake siku ya mkutano, tuusome pamoja mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuupeleka. Asiye na mkataba alete risiti, na asiye na risiti alete daftari.