Walianzaje? Milango ya kuingilia uchekeshaji Tanzania tangu 1952

Kabla hajawa Waziri Mkuu wa Tanganyika, Rashidi Mfaume Kawawa aliwahi kuchekesha watu kwenye sinema. Mwaka 1952, akiwa kijana mtumishi wa serikali, alicheza katika filamu ya Muhogo Mchungu, kisa cha mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na mji wenye wenyewe. Filamu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Afrika Kusini iliyokodishwa na utawala wa Kiingereza, uliotaka sinema za Kiswahili zenye waigizaji wa hapa hapa. Miaka kumi baadaye, Januari 1962, Kawawa alikabidhiwa uwaziri mkuu, na Muhogo Mchungu akabaki kuwa hadithi ya pembeni katika maisha ya mtu aliyeitwa Simba wa Vita.

Vijana wanaotafuta pa kuanzia leo wangeutambua mkasa huo upesi. Kawawa alikuwa na kipaji, lakini kamera haikuwa yake. Waliomfuata hawakuwa na kamera pia: walikuta jukwaa la kikundi cha bosi fulani, studio ya redio ya taifa, kipindi cha stesheni, kanda ya msambazaji. Historia ya uchekeshaji Tanzania ni historia ya watu kubisha hodi kwenye milango ya wengine, na wachache sana waliuliza mapema nani atabaki na ufunguo.

Kuchekesha kwenyewe hakukusubiri mlango wa mtu. Utani ulikuwepo kabla ya sinema na redio: Mngoni na Mhehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, waligeuka kuwa watani, na Mnyamwezi aliyeshuka pwani na misafara ya biashara akafanya utani na Mzaramo. Mtani aliruhusiwa kufanya ambayo mwingine angefukuzwa nayo. Alimwigiza marehemu mbele ya wafiwa, akadai ulipaji wa madeni ya uongo, akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na hakuna aliyekasirika. Ukitazama kwa makini, mtani wa msibani alikuwa na kila kitu anachohitaji mchekeshaji: hadhira, ruhusa ya kusema, na malipo ya papo kwa papo. Hata timu za soka za Simba na Yanga zinaitwa watani wa jadi kwa ruhusa hiyo hiyo, japo siku ya mechi ruhusa huwa finyu kidogo.

Kazi ya kuchekesha kwa mshahara ilikuja na vikundi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashirika ya umma na viwanda vilianzisha vikundi vya utamaduni, kama ilivyokuwa Shirika la Bima, na Dar es Salaam ikapata DDC Kibisa. Mwaka 1980 Norbert Chenga alianzisha Muungano Cultural Troupe, na mwaka 1992 ikazaliwa Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Hawa walijaza kumbi za pombe mwishoni mwa wiki. Mtu alilipa kiingilio kimoja akapata ngoma, sarakasi, mazingaombwe, kwaya, taarabu, maigizo, na katikati ya yote hayo, vichekesho.

Kichekesho cha kikundi hakikuwa na maandishi. Kiongozi alitoa kisa kwa maneno machache, kwa mfano mume anarudi safari bila taarifa, au boi wa nyumbani anajifanya bwana mkubwa mgeni alipobisha, kisha kila mmoja akaenda kutafuta maneno yake akiwa tayari jukwaani. Mchekeshaji alifunga matambara tumboni kuunda kitambi, akavaa suruali iliyomzidi na koti lililokwisha mwendo. Kabla hajatamka neno watu walikuwa wameshaanza kucheka, na hapo ndipo kazi ilipoanza kuwa ngumu, kwa sababu kicheko cha nguo hudumu dakika moja tu. Baada ya hapo mtu alihitaji mdomo, na mdomo haukufundishwa darasani. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981 na kimetoa wasanii wa kutosha, lakini wachekeshaji wengi wa zama zile walisomea ukumbini, mbele ya walevi waliokuwa na haraka ya kurudi kwenye taarabu.

Mafunzo hayo yalikuwa makali na ya bure. Mgeni kwenye kikundi alianza kwa kubeba vyombo na kupiga ngoma, akapewa nafasi ya mtu wa kupita tu, na siku mkongwe alipougua ndipo akasukumwa mbele. Faida yake ni kwamba alichekesha mara nyingi, kwa watu wa kila aina, Manzese wiki hii na mkoani wiki ijayo. Hasara ni kwamba kilichotoka kinywani mwake kikawa mali ya kikundi. Kichekesho kisichoandikwa popote ni vigumu kuthibitisha ni cha nani, na mtu alipohama, wenzake waliendelea kukicheza kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Redio ilikuwa mlango mwembamba zaidi, ila uliofika mbali. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, waliobatizwa kwa methali inayosema pwagu hupata pwaguzi, walikuwa matapeli wawili walioingia kila nyumba yenye redio, kuanzia pwani hadi ziwani. Kwenye redio kitambi cha matambara hakikusaidia kitu. Kilichobaki ni sauti, lafudhi na kujua lini unyamaze. Stesheni ilikuwa moja Bara nzima, kwa hiyo aliyekubaliwa alijulikana na kila mtu, na aliyekataliwa hakuwa na pengine pa kwenda.

Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994 ilipoanza ITV, na muda si mrefu makundi ya maigizo kama Kaole yakawa yanatazamwa kila sebule yenye runinga, na mitaani hata kupitia dirisha la jirani. Wakongwe kama Mzee Small, yaani Said Ngamba, aliyefariki Juni 2014, walipata uso baada ya miaka ya jukwaa. Lakini mapinduzi hasa yalifanywa na vijana wa Ze Comedy kwenye EATV katikati ya miaka ya 2000: Masanja Mkandamizaji, Joti, Mpoki, Vengu, Wakuvanga na Mac Regan.

Hawa hawakuhitaji kisa cha mume aliyerudi safari. Waliigiza taarifa ya habari, wanasiasa, wahubiri, wasanii wa muziki na matangazo ya biashara, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake ambayo mwenzake hakuigusa. Joti aligeuka bibi kizee au mtoto kwa kubadili mgongo na mdomo tu. Masanja alishika lafudhi na majigambo. Anayetaka kujifunza kitu kwao ajifunze huko kugawana: watu sita kwenye kipindi kimoja, na hakuna aliyekuwa nakala ya mwingine.

Kisha wakahama. Walipohamia TBC1, kipindi kikaanza kuitwa Ze Orijino Komedi, kwa kuwa jina la awali lilibaki kwa stesheni waliyoiacha. Watazamaji waliwafuata watu, hawakulifuata jina, kwa hiyo vijana wale walinusurika. Walikuwa sita na walishakuwa maarufu. Mchekeshaji mmoja asiye na jina, akipatwa na jambo kama lile, huanza upya kabisa. Kwa mwandishi wa makala hii, hilo ndilo somo kubwa zaidi la muongo ule, kubwa kuliko mbinu yoyote ya kuigiza sauti ya mheshimiwa.

Upande wa filamu za kanda na baadaye diski, mfalme alikuwa mmoja. Amri Athumani, King Majuto wa Tanga, alizaliwa 1948 na alianza maigizo akiwa mtoto. Alikuwa mzee tayari soko la filamu liliposhika kasi, na likamkuta amekomaa. Aliyemkamilisha alikuwa kijana wa mkoa ule ule, Hussein Mkieti, Sharo Milionea, sharobaro wa mikogo na Kiswahili cha kubana pua. Hapo kisa cha 1952 kiligeuzwa kichwa chini: sasa anayechekwa si mshamba aliyeingia mjini, ni mtoto wa mjini asiye na kitu mfukoni anayejifanya tajiri. Sharo alifariki kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012, akiwa kileleni.

Majuto aliendelea, akawa sura ya matangazo na mabango. Mwaka 2018, akiwa mgonjwa, ilijulikana kwamba mtu aliyevunja mbavu za nchi nzima alikuwa na mikataba isiyofanana hata kidogo na umaarufu wake. Waziri wa Habari na Michezo wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba hiyo pamoja na ya wasanii wengine. Mzee Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilikuwepo, na Baraza la Sanaa la Taifa tangu 1984, lakini sheria haimsomei mtu mkataba anaousaini gizani kwa sababu nauli ya kurudi nyumbani imekwisha.

Majirani wa kaskazini walipita njia nyingine kidogo. Kwenye kipindi cha Vitimbi cha televisheni ya taifa ya Kenya, Benson Wanjau, Mkikuyu, aliishi miongo kadhaa ndani ya Mzee Ojwang', Mjaluo wa kubuni, hadi Wakenya wengi wakaamini ndiye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, wakaja na kundi la Redykyulass na kumwiga Rais Moi angali madarakani, jambo ambalo miaka michache nyuma lingewapeleka pabaya. Kutoka mkondo huo akatokea Daniel Ndambuki, Churchill, aliyefanya kitu ambacho Dar es Salaam ilichelewa kukifanya: akatenga jukwaa la majaribio, Churchill Raw, ambako asiyejulikana alipewa maiki kwanza, na televisheni baadaye. Eric Omondi na wengine wengi walipitia mikononi mwake. Kiarie akaingia bungeni 2017. Kawawa alikuwa na wenzake.

Nchini Tanzania uchekeshaji wa mtu mmoja na maiki yake ulikuja taratibu. Evans Bukuku aliandaa usiku wa komedi Dar es Salaam wakati watu bado wakiuliza mbona hakuna wa kumjibu jukwaani. Baadaye Coy Mzungu akaja na jukwaa la Cheka Tu, na hapo mlango ukapanuka: vijana wanapanda na dakika zao chache, ukumbi unawapima, na vipande vilivyochekesha vinarushwa mtandaoni kesho yake. Ukumbi umejaa watu waliolipa, wanaomjua aliyetangulia na hawamjui huyu anayepanda sasa. Akianza kwa kusalimia mikoa yote na kueleza safari yake kutoka kijijini, ameshatumia nusu ya muda wake. Wanaorudishwa ni wale wanaofika kwenye kicheko cha kwanza kabla watu hawajatoa simu mfukoni, na hilo walevi wa Manzese walilidai kwa vichekesho vya Muungano miaka 40 iliyopita.

Simu nayo imekuwa stesheni. Klipu ya sekunde 60 inaweza kumtoa mtu Mbeya bila kupita kwa bosi yeyote, na ndiyo mara ya kwanza mchekeshaji anashika kamera, jukwaa na jina kwa pamoja. Uhuru huo una mipaka yake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai leseni ya zaidi ya shilingi milioni mbili kwa wenye blogu na televisheni za mtandaoni, ada zilizopunguzwa baadaye. Mchekeshaji Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa wa 2014, alijikuta polisi Oktoba 2019 kwa picha aliyobadilishana sura na Rais Magufuli, na tena Mei 2020 baada ya video akicheka picha ya zamani ya rais huyo. Mtani wa msibani hakuwahi kuhojiwa kwa kumcheka mkubwa.

Februari 2025, kwenye ukumbi wa Super Dome, Masaki, zilitolewa tuzo za wachekeshaji wa Tanzania, na Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Fedha hata hivyo bado zinatoka zaidi kwenye matangazo ya kampuni na kuongoza harusi kuliko kwenye kiingilio, kwa hiyo kijana aliyetamba wiki hii kwa klipu moja ataletewa karatasi ya kusaini kabla mwezi haujaisha. Atakuwa na dakika tano za vichekesho, wafuasi laki moja, na pengine hana hata mtu mmoja wa kumwuliza kipengele cha saba kinasema nini kuhusu jina lake.