Kauli ya Anayeaga

Mwaka 2004, Bernard Crettaz alianza kuwakusanya watu mkahawani, huko Uswisi, wazungumze juu ya kifo. Jon Underwood akafuata London mwaka 2011. Ukiwa Kitui au Makueni ni rahisi kudhani kwamba huo ni ugeni mtupu. Sivyo. Ukambani kifo kilizungumzwa zamani, na aliyetangulia kusema ni yule aliyekuwa akifa. Vikao tumebaki navyo. Kauli yake ndiyo iliyopotea.

C. W. Hobley, mtawala wa kikoloni, aliandika mwaka 1922 juu ya kiume, yaani laana ya anayekufa. Mzee aliyeona siku zake zimefika aliweza kukataza shamba fulani lisitoke mikononi mwa familia, na iliaminika kwamba mrithi atakayelivunja neno hilo atapata maafa. Neno la namna hiyo halina kazi bila wa kulisikia. Ilibidi jamaa waketi, wakubali kwamba baba anakufa, wamsikilize. Naye hakuwa akijitoa kwao moja kwa moja: John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alieleza mwaka 1969 kwamba mfu hubaki miongoni mwa watu maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina.

Kuna atakayepinga kwa kutaja kitabu cha Gerhard Lindblom cha 1920 juu ya Wakamba: wafu wengi walilazwa porini wakaliwa na fisi, wazee wenye heshima ndio waliozikwa, na boma lililofiwa lilihitaji kutakaswa. Je, watu waliouogopa mwili hivyo wangezungumzia kifo waziwazi? Naam, kwa kuwa hofu ile ilianza pumzi ikishakatika. Pingamizi zito zaidi ni kwamba laana ilikuwa silaha ya wazee wanaume, na binti hakuwa na pa kusemea. Hilo nalikubali, na sitamani laana irudi. Lakini Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, inamhesabu binti kuwa mrithi sawa na kaka yake, na bado inatambua wosia wa mdomo uliotamkwa mbele ya mashahidi wawili, ikiwa msemaji atafariki ndani ya miezi 3. Kauli inaweza kubaki bila kitisho chake.

Tangu misheni ya Africa Inland ilipofika Nzaui mwaka 1895, kaburi na sala vikawa polepole haki ya kila mtu, na hilo ni jambo jema. Baadaye mochari ikaongeza siku za kungoja, na jioni za matanga zikajaa kamati: mweka hazina na daftari lake, bili ya hospitali, jeneza, gari, hema, majina ya waliochanga yakisomwa kwa sauti. Siidharau kazi hiyo. Ndiyo inayombeba mfiwa. Ila mgonjwa mwenyewe huwa ameambiwa hadi mwisho kwamba atapona, na kesi ya shamba huanza udongo wa kaburi haujakauka. Ukoo unaoweza kukutana kuchangia jeneza unaweza kukutana wiki chache mapema, mgonjwa akiwa bado anatambua watu, umwulize anataka azikwe wapi, anadaiwa na nani, na shamba la kule mtoni amwachie nani.