Kilwa Kisiwani: dhahabu ilipita, msikiti ukabaki

Nimekuwa kimya wiki mbili na nusu. Sijaumwa wala sijafukuzwa kazi. Nilichukua likizo yangu ya kwanza tangu nianze kuandika habari za huku kwetu, nikapanda basi Kahama, nikalala Dar es Salaam, kesho yake nikashuka kusini hadi Kilwa Masoko. Jamaa zangu wa Geita walinicheka. Walisema mtu akipata likizo anakwenda kijijini au anakwenda kustarehe Mwanza, nani anakwenda kutazama magofu?

Nilikwenda kwa sababu ya dhahabu. Kwa miaka kadhaa nimeandika habari za maduara yaliyoporomoka, karasha, zebaki, fidia za wanaopisha mgodi na ushuru wa huduma wa halmashauri. Siku moja nikasoma kwamba mji tajiri kuliko yote katika pwani yetu, miaka 700 iliyopita, ulitajirika kwa dhahabu. Nikataka kuona kilichobaki.

Kwanza tuweke jambo moja sawa, maana huku kwetu kuna watu wanapenda kusema dhahabu ya Kilwa ilitoka Geita. Haikutoka huku. Ilitoka nyanda za juu za nchi inayoitwa leo Zimbabwe, ikashuka hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, kisha ikapanda kwa majahazi hadi Kilwa na kuendelea Uarabuni na Bara Hindi. Ushahidi mmojawapo ni sarafu ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, iliyookotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu. Kilwa haikuchimba hata gramu moja. Ilikaa njiani, ikatoza ushuru.

Kuna kisa ambacho Mreno João de Barros alikiandika mwaka 1552 na ambacho mchimbaji yeyote wa Nyarugusu atakielewa. Anasema dhahabu ya Sofala ilikuwa mikononi mwa watu wa Mogadishu. Mvuvi mmoja wa Kilwa akanasa samaki mkubwa mno, samaki akamvuta, mkondo ukamchukua hadi Sofala. Huko akaona watu wanabadilishana dhahabu. Aliporudi akamwambia mfalme wake. Kama ni kweli au si kweli hilo ni jambo jingine, lakini rashi zote huanza hivyo: mtu mmoja kaona, kaongea.

Haya, tuvuke bahari. Kibali unalipia Kilwa Masoko, halafu unashuka bandarini kutafuta mashua. Nahodha niliyempata ni mzee wa makamo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kwetu wapi. Nikamwambia Shinyanga, ila nafanya kazi zaidi Geita. Akasema, aah, kwenye dhahabu.

Kinachokupokea ni Gereza, ngome iliyo ufukweni. Wareno walijenga ngome yao hapo mwaka 1505, baada ya Francisco de Almeida kuuteka mji na kuupora. Waliondoka mwaka 1512, na jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani waliokuja baadaye. Bahari imekuwa ikiila ngome hiyo, na mikoko imepandwa kuizuia.

Lakini mimi nilikwenda kwa ajili ya Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya zamani, ya karne ya 11, chumba kidogo ambacho paa lake lilishikwa na nguzo za mbao. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule wa sarafu, aliuongeza kuelekea kusini mara kadhaa ya ukubwa wake. Ni wakati huo huo, dhahabu ikiwa imenoga, alipojenga pia kasri la Husuni Kubwa juu ya mwamba, lenye bwawa la kuogea la pembe nane. Msikiti ulianguka baadaye, ukajengwa upya katika karne ya 15 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukisimama ndani leo unaona safu za nguzo na kuba juu ya kichwa, kuba baada ya kuba, nyingine zimefunguka unaona mbingu. Hakuna mnara. Hakuna mapambo ya kukutisha. Nilivua viatu bila kuambiwa na mtu, ingawa mimi si Mwislamu na palikuwa na mbuzi wawili wanazurura.

Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331. Anasimulia kwamba sultani huyo alikuwa akitoka kuswali Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadilisha, akampa zile. Mtoto wake akazikomboa kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Halafu Ibn Battuta anatia sentensi ambayo niliirudia mara tatu: zawadi za kule zilikuwa zaidi pembe, dhahabu ilitolewa kwa nadra sana.

Soma tena kisa hicho. Watumwa 20 wanatajwa kama mtu anavyotaja magunia ya mpunga. Msafiri huyo huyo anasema sultani alikuwa akivamia nchi za watu wa bara na kugawa mateka. Kwa hiyo tusije tukaimba tu sifa za Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Dhahabu ilikuwa imeshakwenda zamani, Wareno walishika Sofala mwaka ule ule wa 1505, na mji ukatafuta kitu kingine cha kuuza.

UNESCO iliweka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikatolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati. Watalii wanakuja, ila wachache ukilinganisha na Zanzibar. Siku niliyokwenda tulikuwa watatu. Mmoja alipanda juu ya ukuta karibu na kibla apigwe picha. Kijana aliyekuwa anatuongoza akamwomba ashuke, kwa upole, akiwa anatazama chini. Nilijiuliza angefanya nini kama yule mgeni angekataa. Kisiwani kuna kijiji, kuna watu wanaoswali mara tano kwa siku kwenye msikiti mwingine, na mababu zao wamezikwa pale pale tunapokanyaga. Kwao hilo si gofu. Ni msikiti uliochoka.

Bahati mbaya maji yalianza kujaa na nahodha akaita. Njiani aliniuliza dhahabu ya Geita inatokaje. Nikamwambia, ile ya mgodi mkubwa huondoka kwa ndege. Akaniuliza, na inaacha nini? Nikaanza kumhesabia. Nikamwambia mgodi wa mkoloni ulifungwa mwaka 1966, huu wa sasa ulianza mwaka 2000, Buzwagi ya kwetu Kahama ilifunguliwa 2009 na kufungwa 2021. Nikataja madarasa, zahanati, barabara, nyumba za wageni. Nikataja mashimo. Alikuwa anasikiliza huku akikunja tanga. Nilikuwa bado natafuta cha kuongeza mashua ilipogusa mchanga wa Masoko.