Konyagi na Gongo katika Nchi ya Dhahabu

Jina la konyagi ni la kale kuliko kinywaji kiuzwacho kwa jina hilo leo. Kabla ya Uhuru neno hilo, litokanalo na Cognac, mji wa Ufaransa, lilikuwa na maana ya brandi yoyote. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Tanzania Distilleries cha Dar es Salaam kililifanya kuwa jina la bidhaa yake. Bidhaa yenyewe haina zabibu. Hukenekwa kutokana na majimaji mazito ya miwa yabakiayo sukari ikiisha kutolewa. Kwenye lebo imeitwa, kwa Kiingereza, roho ya taifa. Katika lugha hiyo neno la roho ni pia neno la pombe kali; kwa Kiswahili mzaha huo hupotea.

Taifa hilo lilikuwa limenyimwa kinywaji cha namna hiyo muda mrefu. Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain wa 1919 iliwekea mipaka biashara ya pombe kali barani Afrika, na serikali ya Waingereza katika Tanganyika ikawakataza Waafrika pombe hiyo. Mzungu wa mgodi wa Geita aliweza kunywa wiski. Mchimbaji wake aliruhusiwa pombe ya nafaka. Hata hivyo pipa, bomba na maji baridi vyatosha kukeneka, na gongo, au moshi, ilipikwa kwa siri.

Serikali huru haikuifungulia mlango. Sheria ya Moshi ya 1966 ilikataza kuikeneka bila leseni. Uganda ilikuwa imetunga sheria ya enguli mwaka 1965, iliyowataka wapikaji wenye leseni kukiuzia kiwanda pombe yao, isafishwe na kuwa Uganda Waragi. Hivyo mpikaji wa kijijini alipewa angalau nafasi katika historia ya chapa hiyo. Konyagi haikuwa na nafasi kama hiyo kwa mpikaji wa Usukuma.

Tofauti hiyo yaonekana zaidi ikilinganishwa na Kentucky. Wakulima wa huko walikeneka mahindi yao wenyewe, na bourbon ikakua kutoka mashambani mwao. Sheria ya 1897 ililinda usafi wa wiski ya chupa, na mwaka 1964 Bunge la Marekani likaitangaza bourbon kuwa bidhaa ya pekee ya nchi hiyo. Mahindi lazima yawe asilimia 51 au zaidi, na pipa la mwaloni liwe jipya, lililochomwa ndani. Shinyanga nako mahindi yamo tele, lakini mkenekaji wake hakutambuliwa kuwa fundi. Alitambuliwa kuwa mhalifu.

Wachimbaji wadogo walipomiminika Geita na Kahama katika miaka ya 1980 na 1990, wauzaji waliwafuata. Baadaye konyagi ilifika machimboni katika kiroba, mfuko mdogo wa plastiki uliotosha mfukoni mwa suruali na kununuliwa kwa chenji. Kwa mara ya kwanza kiwanda kilishindana na gongo kwa bei. Ulevi uliongezeka, hasa kwa vijana. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa Mirerani, mji wa wachimbaji wa tanzanaiti, alitangaza marufuku ya viroba kuanzia Machi 1. Konyagi ikabaki katika chupa. Wapikaji wa gongo, ambao hawakuwa wakitumia viroba vya kiwanda, wakabaki chini ya sheria ya 1966.